Minyoo Fundo, Mizizi na RNA: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua



Mkulima wa nyanya katika kata ya Choma, wilayani Igunga, aghalabu huanza kuiona shida hii wakati wa adhuhuri. Mimea iliyosimama vizuri asubuhi hulegea jua linapofika utosini, kisha huinuka tena jioni. Siku zinavyopita majani hupauka na kuwa ya njano, na matunda huwa machache na madogo. Mkulima huongeza maji, kisha mbolea, kisha dawa ya ukungu, na fedha huzidi kutoka. Adui, hata hivyo, hayumo katika majani. Yumo ndani ya mizizi, na ni mdogo kiasi kwamba macho matupu hayawezi kumwona.

Adui huyo ni mnyoo fundo. Makala haya yanaeleza namna mnyoo huyo anavyoishi, jinsi wanasayansi walivyojifunza kumzuia kwa kutumia RNA, na namna ya kupima ahadi za muuzaji unaposimama mbele ya kaunta ya duka la pembejeo. Neno RNA wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza wakati wa chanjo za UVIKO-19. Jina geni la kisayansi huweza kuuza bidhaa kwa kasi kuliko ubora wa bidhaa yenyewe. Na kwa mkulima aliyechukua pembejeo kwa mkopo, kosa moja la ununuzi hulipwa kwa mavuno ya msimu mzima.

Mnyoo fundo ni nani?

Ardhini wamo minyoo wadogo wa aina nyingi, na wengi wao hawana madhara kwa mazao. Wachache huishi kwa kunyonya mizizi. Miongoni mwa hao, kundi liitwalo Meloidogyne ndilo linalosumbua zaidi katika nchi za joto, hasa spishi za Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica. Hushambulia nyanya, bilinganya, bamia, matikiti na tumbaku. Incognita hushambulia pamba pia.

Mtoto wa mnyoo huyu ana urefu wa takriban nusu milimita. Huingia karibu na ncha ya mzizi, huchagua seli chache, kisha huzichoma kwa mdomo wake ulio kama sindano na kuzitilia mate yenye protini maalumu. Protini hizo huzibadili seli za mmea: huvimba, zikawa kubwa mara nyingi kuliko kawaida yake, na kugeuka hori la kumlishia mnyoo. Mzizi nao hufura na kufanya mafundo, na maji na chakula havipiti sawasawa. Ndiyo sababu mmea hulegea adhuhuri ingawa udongo una unyevu.

Jike likishakomaa huwa na umbo la pea, halisogei tena, na hutaga mayai mamia kadhaa ndani ya ute. Katika udongo wenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo minyoo wachache walioingia wakati wa kupandikiza miche huweza kuwa jeshi kubwa kabla ya mchumo wa mwisho.

Kwa nguvu zake mwenyewe mnyoo huyu hawezi kwenda mbali. Hubebwa na watu: katika udongo ulioshika jembe, katika kwato za ng'ombe na magurudumu ya trekta, katika maji ya mfereji, na zaidi ya yote katika mizizi ya miche. Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mazao mengi mageni yalienea bara kwa njia za namna hiyo. Leo miche husafiri kwa pikipiki na malori, na minyoo husafiri pamoja nayo. Anayenunua miche bila kuitazama mizizi huenda ananunua na shida ya miaka kadhaa ijayo.

Kwanza, tazama mzizi

Kabla ya kununua dawa yoyote, ng'oa mmea mmoja ulio dhaifu. Usiuvute kwa nguvu, bali uchimbe kwa jembe ili mizizi midogo isibaki ardhini. Ioshe taratibu kwa maji, kisha itazame. Mizizi iliyoshambuliwa na minyoo fundo huwa na vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe. Ukivisugua kwa kidole havitoki.

Usivichanganye na vinundu vya mizizi ya maharage, kunde na karanga vinavyohifadhi bakteria wa kurutubisha udongo. Hivyo hukaa ubavuni mwa mzizi, hutoka kwa urahisi, na vikiwa hai ndani huwa na rangi ya waridi. Hivyo ni rafiki wa mkulima.

Mmea ukiwa umenyauka lakini mizizi haina mafundo, huenda tatizo ni mnyauko wa bakteria, ukungu au ukame. Dawa ya minyoo, hata iwe halisi kiasi gani, haitakusaidia.

RNA ni nini, na inahusianaje na mnyoo?

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha ushirika. Ofisini kuna daftari kuu, nalo halitoki nje. Karani anapotaka mifuko ya mbolea itolewe, hunakili maelezo kwenye karatasi na kuipeleka ghalani. Mtunza ghala husoma karatasi hiyo na kutoa mifuko.

Ndani ya seli ya kila kiumbe hai, daftari kuu ni DNA. Karatasi iliyonakiliwa ni RNA. Mifuko inayotoka ghalani ni protini, nazo ndizo zinazofanya kazi: kujenga mwili, kusaga chakula na, kwa mnyoo fundo, kuuteka mzizi.

Sasa fikiri kwamba kila karatasi ya agizo fulani inachanwa kabla ya kusomwa. Daftari limebaki salama, karani yupo kazini, ghala limejaa, lakini agizo hilo halitekelezwi. Hicho ndicho wanasayansi wanachokiita unyamazishaji wa jeni. Kwa kawaida RNA ya maagizo huwa na uzi mmoja. RNA yenye nyuzi mbili ni moja ya dalili za virusi, kwa hiyo seli inapoiona huishuku. Huikatakata vipande vidogo vyenye herufi ishirini na kitu, kisha huvitumia vipande hivyo kama sampuli: kila karatasi yenye herufi zinazolingana na sampuli hukamatwa na kuharibiwa. Mtaalamu akitengeneza RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni fulani ya mnyoo, seli za mnyoo zitainyamazisha jeni yake wenyewe.

Ugunduzi huu ulitangazwa mwaka 1998 na Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2006. Kiumbe walichokichunguza ni mnyoo mdogo asiye na madhara, aitwaye Caenorhabditis elegans, ambaye ni wa jamii moja kubwa na minyoo wa mizizini. Haikushangaza basi kwamba watafiti waliuliza mapema: je, mmea unaweza kufanywa umlishe mnyoo RNA ya kumdhoofisha?

Majibu mawili yalichapishwa mwaka huohuo wa 2006. Marekani, watafiti waliubadili mmea mdogo wa majaribio uitwao Arabidopsis ili utengeneze RNA inayoinyamazisha jeni ya 16D10, ambayo mnyoo huitumia katika kuuteka mzizi. Mmea huo uliwahimili minyoo fundo wa spishi nne. Watafiti wa India nao walifanya hivyo katika tumbaku kwa kutumia jeni nyingine mbili za Meloidogyne incognita, na mashambulizi yakapungua sana. Kwa mkoa wa Tabora, ambao tumbaku ni moja ya nguzo za uchumi wake, habari hiyo haikuwa ndogo.

Kwa nini RNA si dawa ya kumwaga ardhini

Hapa ndipo mtumiaji anapaswa kusoma kwa makini. Katika majaribio hayo mawili, RNA ilitengenezwa na mmea wenyewe, ndani ya mzizi, mahali mnyoo anapolia chakula chake. Haikutoka katika chupa.

Kumwaga RNA ardhini kuna vikwazo vikubwa. Mnyoo mchanga aliye nje ya mzizi hali chochote. Huishi kwa akiba aliyozaliwa nayo, na ngozi yake ni kinga. Katika maabara, wataalamu walilazimika kuwaloweka minyoo katika kemikali za kuwachochea ili wameze RNA. Aidha, vijidudu vya udongo huimeng'enya RNA kwa muda wa siku chache tu. Shambani, chini ya jua la Igunga, hali hizo za maabara hazipo.

Kweli zipo bidhaa za RNA za kunyunyizia majani. Mwishoni mwa mwaka 2023, Marekani ilisajili kiuatilifu chenye RNA ya nyuzi mbili dhidi ya mbawakavu wa viazi. Lakini mbawakavu huyo hula majani yaliyonyunyiziwa, naye huathirika akishameza. Mnyoo fundo haishi juani wala hali majani. Muuzaji atakayekuambia kwamba bidhaa inayoua mdudu wa majani kwa RNA itaua pia minyoo wa mizizini anaunganisha mambo mawili yasiyolingana.

Je, mbegu zenye RNA hiyo zipo sokoni?

Mmea unaotengeneza RNA dhidi ya mnyoo ni mmea uliobadilishwa vinasaba, nao husimamiwa kisheria. Nchini mwetu jambo hilo lipo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za usalama wa teknolojia ya kisasa ya kibayolojia. Mwaka 2016 majaribio ya mahindi ya kuhimili ukame yalipandwa katika eneo lililozungushiwa uzio huko Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 Serikali iliagiza majaribio hayo yasitishwe. Hakuna zao lililobadilishwa vinasaba lililoruhusiwa kulimwa kibiashara Tanzania.

Kwa majirani hali ni tofauti kiasi. Kenya, mwaka 2021, iliidhinisha muhogo unaotumia RNA kupambana na virusi vya michirizi ya kahawia. Uganda ilifanya majaribio ya shambani ya ndizi za kupika zinazohimili minyoo, ingawa hizo zilitumia protini, si RNA. Tunayataja haya ili msomaji ajue kwamba sayansi yenyewe ni ya kweli na ipo karibu nasi. Lakini mtu akikuuzia leo, gulioni au dukani, mbegu anazodai kuwa ni za RNA za kuzuia minyoo, muulize kibali chake. Kama hana, usinunue.

Neno "sugu" si sawa na "iliyobadilishwa vinasaba"

Wapo watumiaji wanaoogopa mbegu yoyote iliyoandikwa kwamba inahimili minyoo. Hofu hiyo haina msingi. Nyanya nyingi zinazohimili minyoo fundo zina jeni iitwayo Mi, iliyotoka kwa nyanya pori ya Amerika ya Kusini na kuingizwa katika nyanya za kawaida kwa kuchavusha, kazi iliyoanza katika miaka ya 1940. Pakiti zake mara nyingi huwa na herufi N, au Ma, Mi na Mj, katika orodha ya magonjwa yanayohimiliwa. Katika tumbaku, aina ya KRK26 kutoka Kutsaga, Zimbabwe, ilizalishwa kwa lengo la kumhimili Meloidogyne javanica.

Lakini mbegu hizo nazo zina mipaka. Jeni ya Mi hudhoofika joto la udongo linapozidi nyuzi 28 za Selsiasi. Kwa mkulima wa Choma anayepanda nyanya za kumwagilia katika miezi ya joto ya Septemba na Oktoba, ukweli huo ni mzito. Kufunika udongo kwa nyasi kavu hupunguza joto na huipa mbegu nafasi ya kufanya kazi uliyoilipia.

Je, chakula chenye RNA ni hatari?

Kila chakula kilichotoka kwa kiumbe hai kina RNA: ugali, mchicha, nyama, maziwa na matunda. Tumbo huisaga kama linavyosaga virutubisho vingine. Neno RNA peke yake, basi, si sababu ya kuogopa chakula wala si sababu ya kukisifu. Kila bidhaa mpya hupimwa yenyewe: RNA yake inalenga jeni ipi, na je, inaweza kugusa viumbe wengine wasiokusudiwa, kama vile nyuki au minyoo wenye manufaa? Hilo ndilo swali ambalo usajili huwekwa kulijibu, na ndiyo sababu bidhaa isiyosajiliwa haina dhamana, hata kama inaitwa "ya asili".

Maswali manne ya kumuuliza muuzaji

Moja: Namba ya usajili iko wapi? Kiuatilifu halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Ukiwa na shaka, iulize Mamlaka au afisa ugani kabla ya kulipa.

Mbili: Lebo inataja zao langu na adui yangu? Dawa iliyosajiliwa kwa wadudu wa pamba haikusajiliwa kwa minyoo wa nyanya. Soma jina la kiambato, kipimo, rangi ya tahadhari na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Rangi nyekundu ni alama ya sumu kali.

Tatu: Kifungashio ni cha mtengenezaji? Usikubali dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au mfuko wa plastiki. Dawa za zamani za minyoo zilikuwa na hatari kubwa. Methili bromidi, iliyotumika kufukiza vitalu vya tumbaku, iliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Na carbofuran iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali zinazohitaji ridhaa kabla ya kuuzwa nchi hadi nchi. Chupa isiyo na lebo huweza kuficha sumu ya namna hiyo.

Nne: Nitapata risiti? Risiti na kifungashio ndivyo ushahidi wako. Kwa mbegu, hakikisha pia kuna lebo ya Taasisi ya Udhibiti wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Yaliyo mikononi mwako sasa

Wakati sayansi ya RNA ikiendelea kukomaa, zipo hatua zenye manufaa yaliyothibitika, na nyingi zina gharama ndogo.

Nunua miche ambayo umeiona mizizi yake, au uoteshe mwenyewe katika udongo safi. Kitalu kinaweza kusafishwa kwa jua: lowesha udongo, ufunike kwa plastiki angavu iliyobana pembeni, uuache kwa wiki nne hadi sita katika miezi ya jua kali kabla ya mvua.

Ng'oa masalia yote mara baada ya mavuno pamoja na mizizi yake, uyakaushe na kuyachoma. Mizizi iliyoachwa ardhini ni ghala la mayai.

Badilisha mazao kwa uangalifu. Marejea na karanga kwa kawaida hupunguza Meloidogyne incognita. Mahindi huweza kuwalea minyoo bila kuonyesha mafundo, kwa hiyo kupokezana tumbaku na mahindi pekee hakutoshi. Sesbania, ingawa hurutubisha udongo, huwazalisha minyoo fundo kwa wingi; usiipande mahali utakapoweka tumbaku au nyanya.

Ongeza samadi iliyoiva. Huupa mmea nguvu ya kuvumilia na huwastawisha viumbe wa udongo wanaowala minyoo.

Ukihitaji ushauri wa kitaalamu, muone afisa ugani wa kata, au uulizie katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Tumbi, Tabora. Ukiamini kwamba umeuziwa bidhaa bandia, usiitupe. Iweke pamoja na risiti, andika tarehe na mahali uliponunua, kisha toa taarifa mapema, kabla msimu haujaisha na kabla jirani yako hajanunua kutoka chungu hichohicho.